Zamu ya Jina

Kwetu Masama mtu haachwi aishe hivi hivi. Binti wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake, wa pili jina la mama wa mama yake, na wa tatu anamfuata shangazi. Majina yanazunguka ndani ya ukoo, yanavaliwa na kuvuliwa, na mtu aliyekufa zamani unaweza kusikia anaitwa aje anywe uji kabla haujapoa. Nilipokuwa mdogo nilidhani wote wamo humo humo migombani, waliokufa na wasiokufa, wanapokezana tu. Hadi leo, ukungu ukishuka mchana na migomba ikabaki vivuli, siko mbali sana na imani hiyo.

Mimi sina mtoto. Ninapima macho kwenye duka la miwani pale Moshi mjini, na sikutegemea kuacha chochote duniani zaidi ya watu wachache wanaoona vizuri. Ndiyo maana mdogo wangu Filemon alipopata binti wa tatu, nilifunga mlango wa chumba cha kupimia, nikazima taa, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa nikicheka peke yangu gizani. Zamu ilikuwa yangu. Shangazi ni mimi, hakuna mwingine. Mtoto angeitwa Eliona.

Nisijifanye: nililitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaanza kumwota. Alikuwa anakimbia kando ya mfereji kule juu ya shamba, miguu imeloa, na mimi namwita asiteleze. Jina langu lilitoka mdomoni mwangu kama la mtu mwingine, jepesi, halijachoka. Nikiamka nilikuwa nabaki kitandani kidogo nikilisikiliza.

Halafu Filemon akapiga simu.

"Dada, Baba mkubwa anasema kabla mtoto hajapewa jina tukae kwanza."

"Tukae tuzungumze nini?"

Akanyamaza. Filemon akinyamaza ujue amebebeshwa maneno ya mtu mwingine.

"Kuhusu wewe," akasema. "Wewe na Violet."

Walijuaje? Niliwaambia mwenyewe. Siku ya Pasaka Baba mkubwa Sifael, kaka yake marehemu baba yetu, alikuja nyumbani na mgane mmoja mwenye pikapu na meno mazuri, akamkalisha mbele yangu kama tuko mnadani. Nilikuwa na njaa, na mimi nikiwa na njaa mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Asante, Baba mkubwa, lakini mimi nina mtu. Anaitwa Violet. Tunaishi pamoja, na ninampenda kama mama alivyompenda baba." Yule mgane akamaliza soda yake, akaaga kwa heshima, akaondoka na pikapu yake. Hakuna aliyepiga kelele. Sisi si watu wa kelele, sisi ni watu wa kikao, na kikao kilikuwa kinakuja polepole tangu siku ile.

Asubuhi ya kwenda Masama kikaoni nilimkuta Violet nyuma ya nyumba anaokota mayai. Tunaishi Pasua, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo, na uwanja wote ni wa kuku wake. Violet ni mtu wa Kilema, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, na kwake yeye swali la mtu kuzaliwa hivi au kuwa hivi lilishajibiwa zamani. Alijua tangu darasa la pili, anasema, alipompenda mwalimu wa kike wa kwaya mpaka akashikwa na homa. "Nimezaliwa hivi kama nilivyozaliwa na haya masikio," huwa ananiambia, na masikio yake kweli ni makubwa, jua likiwa nyuma yake yanakuwa mekundu. Ninayapenda sana.

Mimi sina hadithi safi ya namna hiyo. Mimi nilimpenda Jacob. Alikuwa anapandisha wageni mlimani, na akishuka alikuwa ananuka moshi na baridi, na nilikuwa nasikia hatua zake barabarani moyo unanienda mbio. Haikuwa danganya toto. Tungeoana kama asingepata kazi mbali na mimi kukataa kumfuata, na tulipoachana nililia nikakonda. Miaka ikapita. Siku moja mwanamke akaingia dukani, anasema mayai anayaona lakini maandishi hayaoni, nikamkalisha, nikaanza kumbadilishia lenzi. Hii au hii? Hii au hii? Akajibu kwa utulivu, na kati ya lenzi moja na nyingine nikagundua nimesogea karibu zaidi ya inavyohitajika. Sikushtuka. Ilikuwa kama kuingia chumba cha nyumba yako mwenyewe ambacho ulikuwa unakipita tu kila siku, ukakuta kumbe jua linaingia.

"Watakuuliza ilianzaje," Violet akasema, bila kuinuka. "Waambie ilianza bodingi, na sasa imekwisha. Mtoto apate jina lake, wewe urudi tule."

"Na wewe nitasema ni nani?"

"Rafiki mnayechangia naye kodi. Nimeshaitwa vibaya kuliko hapo." Akanipa mayai ya kumpelekea mama. "Eliona, ni neno tu. Unalisema, linapita."

Nikayashika mayai, yalikuwa bado na joto la kuku. Nikasema nitaona.

Njiani nililifanyia mazoezi neno hilo. Bodaboda iliniacha kwenye lami, nikapandisha kwa miguu kati ya mashamba ya kahawa. Ukungu ulikuwa umeshashuka, ile siku nzima ilikuwa haina saa. Sauti zilikuwa zinanifikia kabla ya watu wenyewe: kikohozi, ndoo, mtu anamkaripia ng'ombe. Nikawa nasema kimoyomoyo, ilianza bodingi, imekwisha. Ilianza bodingi, imekwisha. Na kila niliyepishana naye nilimwamkia shikamoo nikaitikiwa marahaba, na hakuna aliyejua nilikuwa nabeba uongo pamoja na mayai.

Mama alikuwa jikoni anapika mtori wa ndizi wa kumlisha mzazi. Jina lake Yuditha, na mjukuu wake wa kwanza ana jina hilo hilo, kwa hiyo pale nyumbani ukiita Yuditha wanaitika wawili, mmoja kwa uchovu na mmoja kwa mbio. Nilimwamkia, akapokea mayai, akanitazama usoni kwa muda.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Uongo. Kale." Akanimiminia bakuli. Kuhusu kikao hakusema neno. Mama yangu anaweza kukaa na jambo kimya hadi jambo lenyewe lianze kuona aibu.

Nikaingia kwa wifi yangu. Gladness alikuwa bado analelewa baada ya kujifungua, amefunikwa mablanketi kama malkia, chumba kinanuka maziwa na majani makavu ya migomba. Alinipa mtoto kabla sijaomba. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, ana nywele nyingi, na paji la uso lenye mikunjo ya mtu anayekumbuka kitu.

"Wifi, nikwambie kitu?" Gladness akanong'ona. "Juzi nilikuwa nusu usingizini nikamwita jina lako. Eliona. Akafungua macho. Nakuapia, akafungua, akatafuta nani amemwita."

Nilimsogeza mtoto shingoni kwangu, nikasikia anavyopumua, haraka haraka, kama mtu aliyetoka mbali. Nikafumba macho. Sijui nilikaa vile muda gani. Nilimwona mkubwa, nilimwona na meno yangu yaliyopandana, nilimwona mzee, na watu nisiowajua wanamwita kwa jina hili, na wengine baada yake, mfululizo, hadi siku za mbele kabisa ambako sitakuwepo. Nikasema moyoni: nitasema. Ni neno tu. Nitalisema, litapita.

Filemon akachungulia mlangoni. "Dada, wamefika."

Walikaa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono. Baba mkubwa Sifael alikaa mahali baba alipokuwa anakaa. Ni mzee mwembamba, mpole, mzee wa kanisa, na ni mimi niliyempa miwani aliyovaa. Kila akiniangalia alikuwa ananiangalia kupitia kazi yangu mwenyewe. Mkewe, Mama mkubwa Magdalena, alikaa kando yake na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, miguuni. Filemon alikaa karibu na mlango. Mama alikaa kwenye kigoda, ingawa kulikuwa na nafasi kwenye kochi. Mlango wa chumba cha Gladness uliachwa wazi ili naye asikie.

Tukasali. Baba mkubwa akasafisha koo.

"Binti yangu, hapa hakuna hukumu. Wewe ni wa kwetu. Lakini jina si nguo. Jina linabeba mtu. Ukimpa mtoto jina la mkali, anakuwa mkali. Mimi mwenyewe nina ubishi wa babu yangu, kila mtu anasema. Sasa huyu mtoto ni zamu yako. Kwa hiyo nakuuliza jambo moja tu. Hii hali yako, ulizaliwa nayo, au ilikukuta njiani?"

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia. Aliendelea taratibu, kama anayenieleza njia.

"Kama ilikukuta njiani, basi si yako. Ni kama tope. Unaoga, tunakuombea, jina linabaki safi, mtoto analichukua. Lakini kama ulizaliwa nayo, imo ndani ya jina. Hapo tutaliruka, bila ugomvi."

"Ni bodingi," Filemon akasema haraka. Alikuwa ananifungulia mlango. Niliona macho yake yananiomba nipite. "Baba mkubwa, wasichana mia nne wamefungiwa pamoja miaka sita. Mtu anapata mazoea."

"Bodingi nini?" Mama mkubwa Magdalena akasema. "Mimi nilisoma bodingi ya masista, nimezaa saba. Huyu kosa ni la marehemu baba yake. Alitaka mtoto wa kiume, Filemon akachelewa, akamfanya huyu ndiye kijana wake. Kumpa panga, kumpandisha kwenye mikrevilea akate matawi! Mnategemea nini?"

"Nilipenda kupanda miti," nikasema.

"Si ndiyo hiyo."

Wakabishana kidogo, kwa upole, kama watu wanaojadili kwa nini ng'ombe amekataa kutoa maziwa. Mimi nilikuwa ndiye ng'ombe. Dirishani ukungu ulikuwa umesogea hadi kwenye kioo, migomba haikuonekana tena, na nikaanza kuhisi nyumba yote imeinuka kutoka ardhini na inaelea.

Kazini kila siku nawakalisha watu mbele ya herufi, nabadilisha lenzi, nawauliza: hii au hii? Wengine wanajibu haraka. Wengine wanaona aibu kuniambia kwamba zote zinaonyesha, au kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri na sasa macho yamebadilika. Wananitazama kama wanafunzi waliofeli. Huwa nawaambia hapa hakuna kufeli, mama, sema unachoona. Sasa nilikuwa kwenye kiti hicho mimi. Nikajaribu kuona. Nilimwona msichana mmoja wa jirani akiosha kahawa zamani, mikono imezama hadi kwenye viwiko, na mimi nimesimama tu na debe langu nimesahau nililotumwa. Nikaona hatua za Jacob barabarani. Msichana alikuwa kweli. Jacob alikuwa kweli. Sikuona mahali kimoja kinapoishia kingine kikaanzia, na nimekitafuta miaka mingi, si siku ile tu.

"Eliona," Baba mkubwa akasema. "Tunakusubiri."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ilianza bodingi, imekwisha. Filemon alikuwa ameinama mbele kabisa, karibu anisemee. Kule chumbani mtoto akakohoa kidogo, na nikajua siwezi.

"Sijui, Baba mkubwa."

"Hujui?"

"Nilimpenda Jacob, mlimwona, mlikula naye hapa. Sikuwa naigiza. Nampenda Violet, na siigizi. Kama nilizaliwa hivi, kuna miaka mingi sikujua. Kama ilianza baadaye, hakuna aliyenianzisha, si shule wala si baba. Naweza kukuambia ilianza bodingi na imekwisha. Nimelifanyia mazoezi hilo neno tangu kule kwenye lami. Lakini haijaisha, na sitaki mtoto apewe jina kwa uongo."

Filemon akajiegemeza nyuma, akafunika uso kwa kiganja. Nilimwonea huruma, alikuwa amejitahidi. Baba mkubwa akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena, kana kwamba ningeonekana tofauti.

"Basi," akasema kwa huzuni ya kweli, "itabidi—"

"Sifael."

Alikuwa mama. Kwa kawaida humwita shemeji.

"Shemeji Sifael, nisamehe. Huyu Eliona alimfuata nani?"

"Si alimfuata shangazi yetu."

"Zamu ilikuwa ya mama yako. Yeye mwenyewe akaiachia, akasema mpeni la wifi yangu Eliona. Nilikuwepo, nilikuwa nimembeba. Sasa nikumbushe, shangazi yenu Eliona alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama mkubwa Magdalena akaanza kutabasamu kwenye kikombe chake cha mbege.

"Yuditha, acha hayo," Baba mkubwa akasema.

"Alikuwa na waume wangapi?"

"Watatu," Filemon akasema kutoka nyuma ya kiganja.

"Watatu wa kanisani," mama akasema. "Alikuwa akisikia sauti ya mwanamume barabarani anaacha maziwa yanachemka yanamwagika. Wachungaji wawili walihamishwa kwa sababu yake, na wote walienda wanalia. Jina lake nilimpa huyu mwanangu, zima, halijapunguzwa. Kama jina linabeba mtu, mimi ningekuwa na wakwe kumi na mbili. Hilo lililobebwa liko wapi? Lilimwagika wapi?"

Mama mkubwa Magdalena akacheka hadi mbege ikamwagikia kitambaa. Kutoka chumbani tukasikia Gladness naye anacheka, anajizuia, anashindwa. Baba mkubwa alijitahidi kukaza uso, lakini alikuwa anamkumbuka shangazi yake, ilionekana, alikuwa anamwona anatoka migombani na mafuta usoni. Na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulicheka wote. Nikamtazama mama yangu kwenye kigoda chake na nikampenda kiasi cha kuumia.

"Haya," Baba mkubwa akasema, akifuta macho. "Haya. Nimeshindwa. Zamu ni zamu. Ataitwa Eliona."

Filemon alinirukia akanikumbatia. Nililipata. Bila uongo, mbele ya watu wote, nililipata.

"Isipokuwa," Baba mkubwa akasema, "kwa vile ana jina hilo, tutakuwa waangalifu tu kidogo."

"Asiende bodingi," Filemon akasema kwa furaha. "Atasoma hapa hapa, ya kutwa."

"Na panga asishike," Mama mkubwa akasema. "Na miti asipande. Avae gauni."

"Marafiki zake tutawajua," Filemon akaongeza. "Akiwa na rafiki mmoja wa karibu sana, tunamtenganisha mapema, kwa upole."

"Na wewe, binti yangu, uje kumwona," Baba mkubwa akaniambia, akinishika mkono, "lakini uje peke yako. Sisi wote tutamwangalia. Akianza tu, tutajua. Wewe tulichelewa kukuona."

Alisema kwa upendo. Hilo ndilo lililonimaliza. Wote walikuwa wanasema kwa upendo, wanamjengea mtoto uzio, kila mtu analeta mti wake.

Nikamwona tena, yule wa ndotoni, lakini sasa hakuwa peke yake kando ya mfereji. Alikuwa na miaka saba, ameshikana mkono na msichana mwenzake, na dirishani pazia limesogezwa. Alikuwa mkubwa kidogo, amecheka na rafiki yake mpaka wameanguka kwenye majani, anainua kichwa anakuta watu wazima wamenyamaza. Hajui kwa nini wamenyamaza. Anaacha kucheka vile, kidogo kidogo, hadi anasahau alivyokuwa anacheka. Labda angempenda mvulana. Pengine angempenda sana, kama yule bibi wa waume watatu. Lakini hata huyo angempenda huku anatazamwa, asijue kama anapenda au anajibu swali letu. Na kila akiitwa, angeitwa kwa jina langu.

"Msimpe," nikasema.

Hawakunisikia. Filemon alikuwa anaomba kikombe.

"Msimpe jina langu."

Mama akageuka.

"Mpeni jina lingine," nikasema. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nikaiacha itetemeke. "Akiwa Eliona mtamwangalia maisha yake yote. Mimi hakuna aliyeniangalia. Nilipanda miti, nikampenda niliyempenda, nikajijua taratibu, kwa saa yangu. Sijui nilizaliwaje, nimeshawaambia. Na yeye mwacheni asijue, mpaka ajue mwenyewe."

"Lakini tumeshakubali," Baba mkubwa akasema. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa, mzee wa watu. "Binti yangu, tumekupa."

"Asante, Baba mkubwa. Ninalirudisha kwa ajili ya mtoto."

"Eliona." Mama hakuinua sauti. "Huna mtoto. Filemon na Gladness wamesema hawazai tena. Unajua unachofanya?"

"Najua, mama."

"Utaishia hapa."

"Najua."

Mama alikuwa amenipigania na kushinda, na mimi nilikuwa nimeuchukua ushindi wake nikauweka chini. Nilidhani atakasirika. Akainuka kwenye kigoda, akaenda chumbani, akarudi na mtoto amemfunga kwenye khanga, na Gladness nyuma yake amejitanda blanketi, anajifuta macho kwa ncha yake.

"Jina la nani sasa?" Baba mkubwa akauliza. "Mama mdogo? Binamu?"

"Mtu yeyote ambaye hamumjui," nikasema.

Wakatazamana. Jambo hilo halijawahi kufanyika kwetu. Ni Gladness aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba siku zote alipenda jina Priska, na hakumjua Priska yeyote, si kwao wala si kwa mumewe.

"Priska wa nani?" Mama mkubwa akauliza. "Anamfuata nani?"

"Hajamfuata mtu," Gladness akasema.

Baba mkubwa alitikisa kichwa, lakini alisimama, akavua kofia. Katika nyumba yetu jina halitangazwi kwa sauti. Mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu anamnong'oneza sikioni jina lake, ili alisikie kwa kila sauti ya kwao kabla hajalisikia kwa watu wa nje. Alianza mama. Akafuata Baba mkubwa, midomo ikitembea chini ya masharubu, halafu Mama mkubwa, halafu Filemon, ambaye alichukua muda mrefu na kumpa Gladness mtoto akiwa haoni vizuri kwa machozi. Gladness akanong'ona, akambusu, akaniletea mimi mwisho.

Nikamshika. Alikuwa macho. Wengine walikuwa wameshaanza kumimina mbege na kuzungumza, na ukungu ulikuwa umejaa dirishani kote, na hakuna aliyekuwa karibu. Nikainama hadi mdomo wangu ukagusa sikio lake. Lilikuwa na joto. Jina langu lilikuwa pale pale, tayari, limekaa kwenye ulimi wangu tangu alipozaliwa. Ningelisema mara moja tu. Hakuna mtu duniani ambaye angelisikia isipokuwa yeye, na yeye angesahau.

"Priska," nikamwambia.

Nikamrudisha kwa mama yake.